Kwera wa Clarke: Ndege wa Mirihi na Mabwawa ya Msimu

Kwera wa Clarke, ambaye kwa jina la kisayansi huitwa Ploceus golandi, ni ndege wa jamii ya wafuma viota anayeishi katika Kaunti ya Kilifi, Pwani ya Kenya, wala hajulikani kwingineko duniani. Ingawa alielezwa kisayansi mwaka 1913, ilipita karne nzima kabla ya mahali anapozalia kugunduliwa, kwa sababu watu walimtafuta msituni tu.

Dume ana kichwa, mgongo na kifua cheusi, tumbo la njano, na mabawa meusi ambayo manyoya yake yana kingo za njano. Jike ana njano iliyochanganyika na rangi ya zeituni. Kwera-msitu, ambaye ndiye rahisi kumchanganya naye, ana mgongo mweusi vilevile, lakini kifua chake ni cha njano na mabawa yake hayana kingo hizo. Basi mtazamaji aliye chini ya mti, ambaye kwa kawaida huona kifua kabla ya mgongo, huanza na alama hiyo, kisha husubiri ndege ageuke ili bawa lithibitishe.

Katika Msitu wa Arabuko-Sokoke, kwera huyu hutafutwa kwenye mirihi, yaani miti ya jenasi ya Brachystegia inayoota katika udongo wa mchanga mweupe. Huko husafiri kwa makundi yenye kelele, akila wadudu juu kabisa ya miti, mara nyingi pamoja na ndege wa spishi nyingine, na kwa kuwa kundi halitulii, anayelitafuta hulifuata kwa sikio kwanza, ndipo anyanyue darubini.

Msimu wa kuzaa mambo hubadilika. Mwaka 2013 viota vyake vilipatikana Dakatcha, kaskazini mwa Mto Sabaki, vikiwa vimefumwa kwenye majani ya jamii ya ndago ndani ya bwawa la msimu, yaani ardhioevu inayojaa maji baada ya mvua na kukauka baadaye.

Kwa hiyo kuilinda Arabuko-Sokoke peke yake hakutoshi kumnusuru ndege huyu aliye hatarini kutoweka. Maadamu mirihi ya Dakatcha inaendelea kukatwa kwa ajili ya makaa na mashamba, mabwawa yake na misitu inayoyazunguka yanastahili ulinzi uleule, kwani bila mahali pa kuzalia, msitu wa kulishia hautamfaa kitu.