Kuthibitisha Uzima wa Data za Lugha Katika Hifadhi ya Wingu

1.0 Utangulizi

Makala haya yanaeleza namna mtafiti wa lugha anavyoweza kuthibitisha kwamba data alizozipeleka katika hifadhi ya wingu, yaani katika seva za mbali zinazofikiwa kwa intaneti, zimefika na kudumu bila kubadilika. Suala hili si la mafundi wa kompyuta peke yao. Masimulizi ya mzee aliyekwisha kufariki hayarekodiwi mara ya pili, na iwapo faili lake limeharibika, kuliona jina lake katika orodha hakutufai kitu.

2.0 Ukubwa na Heshi

Wengi hutosheka wakiona kwamba majina ya mafaili na ukubwa wake vinalingana. Ushahidi huo ni dhaifu. Neno bata likigeuka bati, faili haliongezeki wala halipungui hata baiti moja. Kinachotakiwa ni kipimo kitokanacho na maudhui yenyewe, ambacho wanakompyuta hukiita heshi. (Wapo watakaopendekeza istilahi muhtasari, lakini muhtasari husomeka, na heshi haisomeki.) Algoriti ya SHA-256 hupitia baiti zote za faili, liwe fupi au refu, na kutoa mfuatano wa alama 64. Baiti moja ikibadilika, mfuatano unaopatikana huwa mwingine kabisa. MD5, iliyochapishwa mwaka 1992, hutoa alama 32. Tangu mwaka 2004 imejulikana kwamba mafaili mawili tofauti yaweza kutungwa kwa makusudi yakapata heshi moja ya MD5. Hata hivyo, kwa kugundua uharibifu wa bahati mbaya ingali inafaa.

3.0 Matumizi ya rclone

rclone ni programu huria inayoendeshwa kwa kuandika amri. Tuchukulie kwamba folda iliyomo katika kompyuta inaitwa rekodi, na hifadhi imesajiliwa kwa jina la wingu. Amri itakuwa:

rclone check rekodi wingu:rekodi --combined ripoti.txt

Programu hulinganisha ukubwa na heshi za kila faili pande zote mbili, pasipo kubadili chochote. Katika ripoti, alama ya = hutangulia faili linalolingana, * linalotofautiana, + lililopo katika kompyuta tu, na - lililopo katika hifadhi tu.

Yafaa kutahadhari hapa. Hifadhi hazitumii heshi ya aina moja. Google Drive hutoa MD5, ilhali Dropbox hugawa faili katika vipande vya megabaiti 4 na kukokotoa heshi yake ya pekee. Mtu akilinganisha hifadhi hizo mbili moja kwa moja, hakuna heshi ya pamoja, na programu hurejea kwenye ukubwa tu. Hutaja kwamba zipo heshi ambazo hazikuweza kukaguliwa, lakini msomaji mwenye haraka huona kwamba hakuna tofauti, akaridhika. Dawa yake ni kuongeza --download, ili mafaili yapakuliwe na yalinganishwe baiti kwa baiti. Kazi hiyo hula muda na fedha za intaneti, hasa kwa rekodi za sauti.

4.0 Mipaka ya Ukaguzi

rclone haijui Kiswahili. Chukua neno ng'ombe. Ritifaa iliyonyooka huhifadhiwa kwa baiti 1 katika mfumo wa UTF-8; iliyopinda, ambayo programu nyingi za uandishi huiweka zenyewe bila kuulizwa, huchukua baiti 3. Kwa msomaji neno ni lilelile. Kwa heshi faili ni jingine. Hivyo basi, manukuzi ya awali yasiguswe, na uhariri ufanywe katika nakala.

Lililo zito zaidi ni kwamba amri ya check huthibitisha kuwa nakala mbili zinafanana, si kuwa ni nzima. Faili lililoharibika kabla ya kupelekwa litalingana barabara na nakala yake mbovu. Kwa sababu hiyo heshi hazina budi kuchukuliwa siku ileile rekodi inapotolewa katika kinasa sauti, ndani ya folda yake:

sha256sum *.wav > orodha.txt

Baada ya miezi au miaka, hifadhi hukaguliwa dhidi ya orodha hiyo:

rclone checksum sha256 orodha.txt wingu:rekodi

Pale ambapo hifadhi haitunzi heshi ya SHA-256, --download huongezwa tena. Orodha yenyewe iwekwe mahali pengine, mbali na hifadhi inayokaguliwa, na nakala yake iliyochapwa iambatishwe na daftari la uwandani.