'Batli' ndilo neno tunalolihitaji kwenye redio ya ridhaa

MWISHONI mwa Oktoba nilipitia nyumbani Myanga, Bungoma, nikitoka Kitale. Jirani yetu mmoja, mwalimu aliye na leseni ya redio ya ridhaa, aliniomba mambo mawili: nikeshe naye katika mashindano ya redio, kisha nimtafutie Kiswahili cha maelekezo ambayo angewapa wanafunzi wake wa chama cha sayansi. Nilidhani la kwanza ndilo jepesi. Loo!

Ridhaa hapa ni ile ile ya ndondi za ridhaa: mtu hufanya kwa mapenzi, halipwi. Badala ya jina, kila mwenye leseni hupewa alama ya mwito. Za Kenya aghalabu huanza kwa 5Z4. Enzi za mkoloni zilianza kwa VQ4. Redio yenyewe hupokea na pia kutuma, ndiyo wengi huiita redio koli au redio ya upepo. Ya mwalimu iliunganishwa na waya wa mita 10 hivi uliotundikwa baina ya mikaratusi miwili.

Mashindano tuliyoshiriki huitwa CQ World Wide na huchukua saa 48. Waandalizi wameigawa dunia katika kanda 40, sisi tukiwa ya 37. Ukimpata mtu hewani mnapeana alama za mwito, mnaambiana mnavyosikika na kanda zenu, mnaagana. Sekunde chache tu. Wa bara jingine ana alama 3, na kila nchi mpya au kanda mpya huzidisha jumla yako.

Zamani haya yote yaliandikwa kwa kalamu, na ilibidi kupekua karatasi ili usimwandike mtu yule yule mara mbili. Siku hizi kebo huunganisha redio na kompyuta. Programu kama N1MM Logger+ huiuliza redio kila mara iko kwenye masafa gani, ikajibiwa. Wewe unachapa alama ya mwito na kubonyeza kitufe. Saa na masafa programu imeshajaza. Ikiwa mlikwisha kuzungumza kwenye masafa hayo, inakuonya. Inaweza hata kuita kwa sauti yako uliyoirekodi, nawe ukanywa chai.

Sasa, orodha hiyo tuiite nini? Mwalimu alikuwa ameandika "logi". Wanafunzi wake, alivyoniambia, walifikiria logarithimu na vile vijitabu vya hesabu. Waingereza wenyewe neno hilo walilitoa kwenye gogo: mabaharia walitupa kipande cha mti baharini kupima mwendo wa chombo, wakaandika kipimo daftarini, na daftari likarithi jina la gogo. Sisi hatuna haja ya gogo la mtu. Kiswahili kina neno "batli", daftari la nahodha la kuwekea kumbukumbu za safari. Limo kamusini, limelala. Daftari la redio lina kazi hiyo hiyo: saa, mahali, aliyeonekana au aliyesikika. "Daftari" peke yake ni pana mno. Hata la deni la dukani ni daftari. Nikampa batli, akaniangalia kama mtu aliyeuziwa kitu asichokijua, lakini akaliandika.

Tukaanza saa tisa usiku wa kuamkia Jumamosi. Kwenye batli saa hiyo ni 0000, kwa kuwa dunia nzima ya redio hutumia saa ya kimataifa, iliyo nyuma yetu kwa saa 3. Kompyuta ya mtumba ilionyesha saa yetu sawasawa lakini ilidhani iko nchi nyingine, kwa hiyo hesabu yake ya saa ya kimataifa ilipotoka. Tulishapata vituo kadhaa kabla ya kugundua. Tungeviacha hivyo, batli yetu isingelingana na za wenzetu, na waandalizi hulinganisha batli za pande zote mbili. Tulivirekebisha kimoja kimoja, mwalimu akiguna.

Kosa la pili lilikuwa langu. Mwalimu alisema, mimi nilichapa. Kituo kimoja cha Ulaya kikasikika kwa mbali katika kelele, nikachapa P. Programu ikanipendekezea alama inayojulikana yenye P hiyo hiyo, nami nikaikubali kwa furaha. Mwalimu akanishika mkono: "Ndugu yangu, huyo amesema Bravo." Ukikosea herufi moja unapoteza alama za mazungumzo hayo, na unakatwa nyingine juu yake. Kompyuta ilijua masafa bila kosa. Ila aliyekuwa akisema haikumsikia; ilinitegemea mimi.

Nami sikio langu ni la Lubukusu. Katika Lubukusu b ya kipasuo haipatikani ila ikitanguliwa na m, wala d ila baada ya n, na z haipo kabisa. Ndiyo maana tunachekwa tukisema "Pungoma". Lakini tusijilaumu sana: katika kelele, majina ya Kiingereza ya B, P, D na T humchanganya hata Mwingereza. Alfabeti ya Alfa, Bravo, Charlie ilibuniwa kwa ajili hiyo, na maneno yake yalipimwa kwa wasemaji wa lugha mbalimbali. Mwalimu alipochoka, "Zulu" yake ikawa "Sulu" waziwazi. Hakuna hata mmoja aliyeuliza. Hakuna neno jingine katika orodha hiyo linalokaribiana na Sulu.

Batli tuliituma Jumanne, ndani ya siku 5 zinazoruhusiwa. Kwenye karatasi ya wanafunzi neno limebaki. Sehemu ya Bravo na Papa mwalimu amesema ataifundisha mwenyewe, mimi nisiiguse.