Kiatu cha Hija Huchaguliwa na Mguu

Ikitajwa safari ya Makka, mazungumzo huwa ni ya nauli, pasi, chanjo na ihramu. Kiatu hakitajwi. Hukumbukwa siku mbili kabla ya ndege, nacho hununuliwa kwa jicho. Mimi ni mmoja wa walionunua kwa jicho, na haya nayaandika ili mwingine asilipe nilicholipa.

Mwaka 2010 nilijaaliwa kuhiji. Kabla ya kuondoka Mombasa nilijinunulia makubadhi mapya ya ngozi, gidamu zake zimetiwa nakshi. Nikayafunga mkobani yasichakae, eti niyavae mara ya kwanza katika ardhi tukufu. Jioni ya siku ya Arafa, jua lilipotua, mimi na wenzangu tukakata shauri kwenda Muzdalifa kwa miguu, mwendo wa kama kilomita 9. Hatujafika nusu ya njia, ngozi ngumu ilikwisha kunichuna, na kisigino kimefanya malengelenge. Usiku ule mtukufu, badala ya kumtaja Mola wangu, nilikuwa nikihesabu hatua. Mzee mmoja nisiyemjua aliniona nikichechemea, akafungua kifurushi chake, akanipa kandambili kuukuu, akaenda zake. Mpaka leo humwombea dua.

Basi Januari 2025, ami yangu aliponipigia simu kutoka Nairobi kunieleza kwamba nafasi yake ya Hija imethibitishwa, nilimpongeza, kisha nikamwuliza, "Ami, utavaa nini miguuni?"

Akacheka. "Akala, mwanangu. Kwani mimi nakaa wapi?"

Ami anakaa Shauri Moyo. Mtaa huo ulijengwa mwishoni mwa miaka ya 1930, na wengi wa waliovunjiwa nyumba zao katika kijiji cha zamani cha Pangani walihamishiwa huko. Babu yangu alikuwa miongoni mwao. Kutoka hapo hadi Gikomba ni hatua chache, na asubuhi huhitaji saa ya kukuamsha: nyundo za mafundi wa jua kali wa Kamukunji, wagongao mabati wakatengeneza karai na masanduku, zinatosha. Akala, yaani viatu vya tairi, ni kitu cha kila siku pande hizo.

Ami alikuwa na hoja mbili. Ya kwanza, akala halichakai. Yeye alitia nia kwenda kwa miguu kutoka Mina hadi Arafa, mwendo wa kama kilomita 14, na kutoka huko arudi kwa miguu vilevile. Ya pili, akala halina uzi. "Limepigiliwa misumari," aliniambia, "na mwenye kuhirimia havai kilichoshonwa."

Mimi nilikuwa na hoja moja tu: ami yangu alikuwa na miaka 75, na maradhi ya sukari ya siku nyingi. Nikapanda basi.

Tulikwenda pamoja kwa fundi wake, mtu mzima naye, aliyeketi chini ya bati na kisu kikali mkononi na kopo la maji kando. Hulowesha kisu ili kiteleze katika mpira. Alinieleza kwamba tairi yenye nyaya haitaki: inaua kisu, na soli ikilika nyaya hutokeza zikamchoma mvaaji. Akamwambia ami avue kiatu apimwe. Akaushika mguu, akauinua, akautazama chini. Akanyamaza.

"Mzee, hapa umeumia lini?"

"Wapi?" ami akauliza.

Chini ya kidole gumba palikuwa na kidonda kibichi, upana wa punje ya mahindi. Ami alikuwa akikitembelea kwenda msikitini na kurudi, wala hana habari.

Fundi akaweka kisu chini. "Mimi sikuuzii," akasema. "Akala ni kiatu cha mguu unaosema. Msumari ukiinuka, mguu mzima unamwambia mwenyewe simama. Wako utanyamaza mpaka damu ijae. Ndugu yangu alikatwa mguu kwa kidonda kama hiki."

Ami alikasirika. Alisema fedha zake ni sawa na za wengine. Lakini fundi alikwisha kuinamia tairi yake.

Wasomaji, neno la fundi yule ndilo waganga wanalolisema kwa ndimi zao. Sukari ikikaa mwilini miaka mingi huua mishipa ya hisia, ikaanza miguuni. Mtu huungua asijue, hukanyaga kigae asijue, na kidonda chake huchelewa kupona. Sasa mpeleke mtu huyo Makka wakati wa kiangazi. Mwezi Juni 2024 joto lilifika nyuzi 51.8, na serikali ya Saudia ilitangaza kwamba mahujaji 1,301 walifariki. Wengi wao hawakuwa na vibali, nao walitembea mwendo mrefu juani pasipo kivuli wala mapumziko. Katika joto hilo, mtu akipotelewa na ndara mlangoni mwa msikiti, hata hatua chache juu ya lami zaweza kumbabua nyayo.

Tulikwenda kliniki, kidonda kikasafishwa na kufungwa. Daktari alitaka kiatu kipana, laini ndani, kilichofunika vidole na kisigino. Ami akatikisa kichwa. "Hicho ni kiatu cha kazini. Si cha ihramu."

Jioni tukamwendea sheikh mmoja wa Pumwani baada ya Magharibi. Alianza na uzi. Alisema watu wengi wanakosea hapo: kinachokatazwa kwa mwanamume ni vazi lililoshonwa kwa umbo la mwili, kama kanzu, fulana au suruali. Ndara yenye mshono haina neno, na akala halina fadhila kwa kuwa na misumari. Kinachoangaliwa ni uwazi. Mtume (S.A.W.) alifundisha kwamba asiyepata ndara avae khofu, azikate chini ya vifundo, na masheikh wetu wengi wa Kishafi hupenda vidole na kisigino navyo vionekane. Mwanamke hana sharti hilo. Yeye huvaa kiatu cha kufunika na soksi akitaka.

"Na mgonjwa?" nikauliza.

Mgonjwa, alisema, huvaa anachokihitaji, naye hutoa fidia: afunge siku 3, au alishe maskini 6, au achinje mbuzi. Na hayo ni kwa muda wa ihramu tu. Siku ya kumi ya Dhulhija, akisha kurusha mawe na kunyoa, anarudia mavazi yake ya kawaida.

Ami alinyamaza kitambo. Nilijua kinachomchoma: aliona kwamba kutoa fidia ni kukiri kuwa Hija yake ina kiraka. Sheikh naye alijua. "Mzee wangu," akamwambia kwa upole, "aliyekuita ndiye aliyekupa ruhusa. Utauitika mwito wake na kuikataa ruhusa yake?"

Njiani kurudi ami hakusema neno. Tulipofika mlangoni akaniambia, "Kesho tukatafute kiatu cha daktari."

Tulikinunua jioni, si asubuhi, kwa sababu mguu hufura kutwa, na kiatu kilichokutosha asubuhi kitakubana usiku. Tuliacha nafasi ya upana wa kidole mbele. Kisha ami akakichukua mwenyewe kwa yule fundi. Fundi hakucheka. Alitia mkono ndani, akapapasa kila pembe kama atafutaye sindano, akaona ncha ya uzi iliyotokeza, akaikata na kuilainisha. Akakataa malipo.

Kidonda kilipopona, ami akaanza mazoezi: kwanza nyumbani hadi msikitini, kisha akazunguka mtaa mzima, kisha hadi Pumwani na kurudi, kila wiki akiongeza kidogo. Kila usiku mjukuu wake alimwekea kioo chini ya nyayo, wakakagua hata katikati ya vidole. Kufika Mei kile kiatu kilikuwa kimekwisha kuujua mguu.

Msomaji utakayejaaliwa, chukua haya. Usikivae kiatu kipya safarini. Mkobani tia jozi ya pili, na mfuko mdogo wa kuwekea viatu uingiapo Haram, ili usivitafute mlangoni miongoni mwa maelfu. Kandambili ni nzuri kwa udhu, bali kwa mwendo mrefu gidamu hukata kati ya vidole. Kumbuka pia kwamba kusai peke yake, mara 7 kati ya Safa na Marwa, ni kama kilomita 3, na wengi huzikata pekupeku. Mwenye afya na akala lake lililomzoea, na aende nalo. Ni kiatu cha halali na imara.

Naam, akala limefika hata huko. Mwaka 2024 mamlaka ya barabara ya Saudia ilitandaza, katika njia ya waendao kwa miguu karibu na Msikiti wa Namira kule Arafa, lami laini iliyochanganywa na mpira wa matairi yaliyokwisha kazi, ili kuwapunguzia wazee machovu ya miguu. Nilipomsimulia fundi wa Shauri Moyo alisema, "Basi wameivisha barabara."

Siku ya Arafa, tarehe 5 Juni 2025, ami alisimama na wenzake. Kutoka Mina alikwenda kwa basi. Kwa miguu alikwenda pale tu palipolazimu. Fidia yake ameitoa kwa kulisha maskini, na anaitaja mbele za watu bila haya.

Aliporudi Nairobi nilikuwapo kumpokea. Watu walimzunguka wakitaka dua na maji ya Zamzam. Mjukuu wake yeye alipiga magoti, akamvua viatu, akaleta kioo. Tukasubiri sote kimya mpaka aliposema, "Mzima, babu. Yote miwili."