Viroboto, Utitiri na Papasi: Anza na Malazi



Wafugaji wengi hutuuliza swali hili: "Nimempaka mbwa dawa, lakini baada ya wiki mbili viroboto wamerudi. Je, nimeuziwa dawa feki?" Inawezekana dawa ni feki au imepita muda wake. Lakini mara nyingi dawa huwa imefanya kazi yake vizuri, ila ilipakwa kwenye mnyama tu, na viroboto wengi hawakuwa kwenye mnyama. Walikuwa kwenye vumbi anapolala.

Kipeperushi hiki kinaeleza namna wadudu hawa wanavyoishi na namna ya kuwaondoa bila kupoteza fedha.

Kwa nini viroboto hurudi

Kiroboto jike hunyonya damu, kisha hutaga mayai mengi, hata 40 kwa siku. Mayai hayashiki kwenye manyoya. Huanguka chini pale mbwa, paka au mbuzi anapolala. Baada ya siku chache hutoka vibuu vidogo vyeupe vinavyojificha kwenye vumbi, nyasi kavu na samadi. Kibuu hakinyonyi mnyama. Hula uchafu, hasa kinyesi cha viroboto wakubwa, ambacho ni damu iliyokauka.

Kibuu kikishakua hujisokotea kifuko na kugeuka kiroboto kamili. Ndani ya kifuko hicho kiroboto anaweza kusubiri kwa miezi bila kula. Akisikia mtikisiko wa nyayo au joto la mwili, hutoka na kuruka. Ndiyo maana mkirudi kwenye boma mlilohama tangu msimu uliopita, mnashambuliwa siku ile ile mnapoingia, ingawa hapakuwa na mnyama hata mmoja.

Vibuu hufa kwenye jua kali na ardhi kavu iliyo wazi. Hustawi penye kivuli na unyevu kidogo. Kwa hiyo usihangaike na uwanja mzima wa boma. Tafuta malazi: chini ya kitanda, kibanda cha watoto wa mbuzi, chini ya ghala, mahali mbwa anapojikunja mchana, na kiota cha kuku.

Hasara yake

Kwa mbwa mkubwa, viroboto ni kero. Kwa mtoto wa mbuzi, kondoo au ndama mchanga, wanaweza kuwa kifo. Viroboto wakiwa wengi humnyonya damu hadi akose nguvu ya kusimama na kunyonya. Vuta chini kope la chini la jicho lake. Likiwa jekundu au waridi, ana damu ya kutosha. Likiwa jeupe, amepungukiwa damu. Minyoo pia husababisha hali hiyo, kwa hiyo mwangalie kwenye tumbo, mapajani na shingoni kama ana viroboto, kisha mwite mtaalamu mapema.

Kuna njia rahisi ya kuhakikisha. Chana manyoya juu ya kitambaa cheupe kilicholowa maji. Chembe nyeusi zikiacha doa jekundu, hicho ni kinyesi cha viroboto.

Watoto wetu nao huathirika. Mtoto akimeza kwa bahati mbaya kiroboto aliyetoka kwa mbwa au paka anaweza kupata minyoo aina ya tegu. Funza wanaoingia miguuni ni jamaa ya viroboto, nao pia hukulia kwenye vumbi la sakafu.

Wadudu wa kuku

Si kila mdudu wa kuku ni kiroboto, na kila mmoja ana mahali pake pa kutafutwa.

*Viroboto wa kuku* hung'ang'ania kwenye ngozi kama kupe. Utawaona kama vidoa vyeusi kuzunguka macho, upanga na undu. Wengine huhamia kwenye masikio ya mbwa.

*Chawa* huishi kwenye kuku maisha yao yote. Fungua manyoya karibu na mkundu na chini ya mabawa. Mayai yao hushikamana kwenye mashina ya manyoya.

*Utitiri mwekundu* hujificha mchana kwenye nyufa na chini ya fito za kulalia, na hunyonya usiku. Angalia fito kwa tochi baada ya giza kuingia. Kuku anayeatamia akiacha mayai yake bila sababu, chunguza kiota kwanza kabla ya kumlaumu.

*Papasi* nao hukaa kwenye nyufa za kuta za udongo na hutoka usiku. Wako wanaopenda kuku, na wako wanaouma watu. Hao wanaouma watu ndio huleta homa ya papasi.

Kazi ya kufanya: malazi na wanyama siku moja

1. Asubuhi toa wanyama wote. Kokoa samadi, nyasi na vumbi kwenye malazi yote, hadi pembeni na chini ya vitanda. Peleka mbali na boma, au choma mahali salama upepo ukiwa umetulia.

2. Choma nyasi za viota na uweke mpya. Anika ngozi, magunia na matandiko juani kutwa nzima, ukiyageuza.

3. Mwagia maji yanayochemka kwenye fito na nyufa za banda la kuku. Kisha ziba nyufa za kuta na sakafu kwa udongo na samadi mbichi, ukisiliba hadi pawe laini. Sakafu isiyo na vumbi haina mahali pa kibuu wala funza.

4. Siku hiyo hiyo tibu mbwa, paka, mbuzi na kuku wote, kila mmoja kwa dawa yake. Ukimwacha mmoja, huyo atawarudishia wengine.

5. Rudia dawa baada ya siku 14 au kama kibandiko kinavyosema, kwa kuwa mayai na viroboto walio kwenye vifuko hawakufa mara ya kwanza. Endelea kufagia kila siku kwa mwezi mmoja.

Kwa kuku, weka pia majivu makavu yaliyochekechwa, yakichanganywa na mchanga mkavu, kwenye shimo lisilonyeshewa. Kuku watajigaragaza wenyewe, na hilo hupunguza chawa na utitiri. Viroboto waliong'ang'ania usoni wapake mafuta mazito ya mgando, bila kugusa jicho.

Kuku wasilale pamoja na watoto wa mbuzi wala ndani ya nyumba ya watu. Banda dogo lililoinuliwa juu ya nguzo linatosha.

Mkirudi kwenye boma la zamani, watu wachache watangulie. Wafagie, watoe samadi ya zamani na kunyunyizia dawa ndani ya nyumba kama ilivyoelekezwa. Familia na watoto wa mifugo waingie baadaye.

Tahadhari

- Usimpake paka dawa ya mbwa wala dawa ya josho. Permethrini na amitrazi zinaweza kumuua.
- Usitumie dawa ya mazao, dizeli wala petroli kwenye ngozi ya mnyama yeyote.
- Usikadirie kipimo cha dawa ya ng'ombe kwa ajili ya kuku, vifaranga au watoto wa mbuzi. Uliza kwanza.
- Soma au somewa kwenye kibandiko ni siku ngapi za kusubiri kabla ya kula mayai, nyama au kunywa maziwa.
- Vaa glavu, nawa kwa sabuni, na fukia chupa tupu. Usiwekee maziwa wala maji.

Panya wakifa ovyo

Viroboto wa panya ndio hueneza tauni. Ugonjwa huu umewahi kuua watu hapa nchini, ikiwemo wilaya za Lushoto na Mbulu. Panya akifa, viroboto wake humwacha na kutafuta damu nyingine. Kwa hiyo ukiona panya wengi wamekufa bila kutegwa, usiwashike na usiruhusu watoto au mbwa wawaguse. Toa taarifa kwa mtendaji wa kijiji na kituo cha afya. Mtu akipata homa kali na uvimbe wenye maumivu kinenani, kwapani au shingoni, apelekwe kituoni siku hiyo hiyo. Tauni hutibika ikiwahiwa.

Kazi ya kwanza haihitaji fedha. Inahitaji fagio, jua na asubuhi moja ya familia nzima. Ukishafanya hivyo, dawa utakayonunua itafanya kazi. Ukikwama, mwone afisa mifugo wa kata yako, na uende na kopo la dawa uliyotumia ili ajue aanzie wapi.