Mtoto Anapoacha Kucheza Tumboni

Swali limetoka kwa msomaji anayetarajia mtoto wake wa kwanza. Mama mkwe wake amemwambia kwamba mimba ikiingia mwezi wa tisa mtoto hupunguza kucheza: amekua, nafasi imembana, anajiwekea nguvu za siku ya kutoka. Je, ni kweli?

Si kweli, na jibu hilo litangulie mengine yote. Kucheza kwa mtoto huongezeka mpaka wiki ya 32 hivi, kisha hubaki palepale. Kinachobadilika ni namna ya kucheza. Vile viteke vya kushtukiza huwa vichache, na badala yake mtoto hujinyoosha, hujigeuza, husukuma mbavu za mama kwa kisigino. Hulala pia, kwa dakika 20 hadi 40 kwa mkupuo, na ni nadra usingizi huo kupita dakika 90.

Hayo yamo katika vitabu vingi vya wajawazito, basi tusiyarefushe. Mimi nataka tukae na swali moja: kwa nini mtoto aliyepungukiwa na oksijeni atulie? Mtu mzima akibanwa pumzi hutapatapa. Huhema, hurusha mikono, hukimbilia dirishani. Mtoto wa tumboni hufanya kinyume kabisa.

Tumelijua hili kwa msaada wa kondoo. Katika miaka ya 1970 Geoffrey Dawes na wenzake huko Oxford, Uingereza, walikuwa wakichunguza wanakondoo ambao bado wamo matumboni mwa mama zao. Mwanakondoo huyo, sawa na mtoto wa binadamu, hufanya mazoezi ya kupumua kabla hajaiona hewa: kifua hupanda na kushuka katika maji ya uzazi. Oksijeni ilipopunguzwa, mazoezi yale yalikoma. Mwaka 1983 Dawes na wenzake wakaonyesha kwamba oksijeni ikipungua, hata miguu ya nyuma hupunguza mwitiko wake inapoguswa na umeme.

Mtu angedhani ni uchovu tu, kwamba misuli imekosa oksijeni ikalegea. Ndipo likaja jaribio ninalolipenda kuliko yote katika elimu hii. Mwaka 1987 Peter Gluckman na mwenzake, wa New Zealand, waliharibu kijisehemu kidogo cha shina la ubongo wa wanakondoo wa tumboni, kisha wakapunguza oksijeni. Safari hii mazoezi ya kupumua hayakukoma. Kumbe misuli ilikuwa na uwezo wakati wote! Iliyokuwa ikiisimamisha ni amri kutoka kwenye ubongo.

Mfikirie mama mwenye nyumba mjini wakati wa mgao wa maji. Bomba halijakauka, lakini linatoa uzi mwembamba. Asubuhi anazunguka akifunga koki moja baada ya nyingine. Bustani kwanza. Gari halioshwi, nguo zinasubiri kwenye beseni, watoto wanaambiwa leo ni kujipangusa tu. Koki ya jikoni haiguswi, kwa kuwa watu lazima wanywe na chakula lazima kipikwe. Mtoto wa tumboni hufanya hivyo kwa damu yake. Kondo la nyuma likishindwa kumletea oksijeni ya kutosha, vihisio katika mishipa ya shingo hupeleka habari kwenye shina la ubongo. Mishipa iendayo kwenye ngozi, misuli, utumbo na figo hubanwa, na damu yenye oksijeni iliyobaki huelekezwa kwenye koki tatu zisizofungwa: ubongo, moyo na tezi za adrenali. Mateke hula oksijeni, kwa hiyo mateke husitishwa. Nauita mgao wa kuokoa ubongo.

Mjamzito, kwa mfano huo, ni jirani wa nyumba hiyo. Haoni mita wala tangi. Anachoona ni kwamba kamba ya nguo haina kitu, na kelele za watoto wanaooga uani hazisikiki. Jirani aliyeizoea nyumba hutambua mara moja. Mgeni wa mtaa hupita bila kushtuka. Ndiyo maana siamini hesabu moja ya mateke kwa wanawake wote. Kuna mtoto mtundu na kuna mpole, na kila mmoja ana saa zake, kwa wengi zikiwa za jioni na usiku. Utafiti uliochapishwa mwaka 1989, uliohusu wanawake wapatao 68,000, haukuona kwamba kadi za kuhesabu mateke zinapunguza vifo vya watoto tumboni. Mwingine, wa mwaka 2018, ulihusu mimba zaidi ya 400,000 katika hospitali 33 za Uingereza na Ireland, na humo wajawazito walielimishwa na hospitali zikawekewa utaratibu wa kuwahudumia. Vifo vya tumboni vilikuwa 4.40 kwa kila uzazi 1,000, vikawa 4.06, tofauti ambayo ingeweza kutokea kwa bahati tu. Hata hivyo, zaidi ya nusu ya wanawake waliofiwa na mtoto tumboni husema walihisi amepunguza kucheza kabla. Nasimama na jirani.

Mgao huohuo unaeleza kwa nini si salama kujituliza kwa kile kimashine cha kusikilizia mapigo kinachouzwa mtandaoni. Moyo ni mojawapo ya koki zinazobaki wazi! Utausikia ukidunda vizuri wakati misuli imekwisha kufungiwa. Hospitalini hawaishii kusikia mapigo. Wanayafuatilia kwa muda, wanaangalia yanavyopanda na kushuka, wanapima pia kama tumbo linakua inavyopasa.

Soda baridi nayo haina uthibitisho, na kusubiri imfanye mtoto aruke ni kupoteza muda. Ukiwa na shaka, lala kwa ubavu wa kushoto, acha kazi na simu, umsikilize yeye tu. Mara nyingi itaonekana mtoto hana tatizo: kati ya wanaofika hospitali kwa sababu hii mara moja, wapatao asilimia 70 humaliza ujauzito salama. Lakini kama si kawaida yake, nenda leo, hata ikiwa ni usiku wa manane. Usingoje tarehe ya kliniki, usione haya kumwamsha mkunga. Na wakikurudisha nyumbani kisha akatulia tena, rudi tena.