Koti la mtoto Jinja na Mbale: mzazi atoe shilingi ngapi?

Mvua za mwezi Machi zinapoanza kunyesha mashariki mwa Uganda, makoti mazito ya watoto yaliyoshonwa kwa ajili ya theluji ya Ulaya hufunguliwa kutoka kwenye marobota na kutundikwa mbele ya vibanda vya mitumba mjini Jinja na Mbale. Mzazi aliyefika sokoni kununua sukari na sabuni hujikuta amesimama, akipapasa bitana ya koti la bluu lenye kofia, na kumuuliza mwenye kibanda bei yake ya mwisho.

Bei anayotajiwa huweza kuwa mara tatu au nne ya bei ya sweta. Fedha hizo ndizo pia za chandarua, za maziwa, na za nauli ya boda boda mtoto akiugua usiku. Kwa hiyo, kiasi cha kutumia kwa koti la mtoto mdogo ni uamuzi mzito kwa familia yenye kipato kidogo, na jibu lake hutegemea zaidi mahali mtoto anapolala na kuamkia kuliko uzuri wa koti lenyewe.

Mlima ndio unaoamua

Jinja na Mbale ziko kwenye kimo kinachokaribiana, kati ya mita 1,100 na 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari. Katika miji hii baridi ya alfajiri kwa kawaida hushuka hadi nyuzijoto 16 au 17, na kufikia saa nne asubuhi jua huwa limekwisha kuipoza hasira yake. Mtoto wa mjini huhitaji kitu cha kumkinga kwa saa mbili au tatu tu.

Hali hubadilika barabara inapoanza kupanda Mlima Elgon, ambao Wagisu huuita Masaba na ambao kilele chake cha Wagagai kina urefu wa mita 4,321. Kwa kawaida hewa hupoa kwa takriban nyuzijoto 6 kwa kila mita 1,000 za kupanda. Mji wa Kapchorwa uko juu ya mita 1,800, na vijiji vya wakulima wa kahawa katika Bududa na Sironko huendelea kupanda hadi kwenye mpaka wa hifadhi ya mlima. Huko alfajiri huweza kuwa na baridi ya nyuzijoto 12 au chini yake, ukungu hukaa hadi mchana, na nguo iliyolowa jana huvaliwa leo ikiwa bado na unyevu.

Familia nyingi za Mbale zina nyumba mbili: chumba cha kupanga mjini na boma la wazazi mlimani. Mtoto anayepelekwa kwa bibi yake wakati wa likizo hutoka kwenye joto na kuingia kwenye baridi kwa safari ya saa chache. Mzazi wa namna hii anafanana zaidi na mzazi wa Kapchorwa kuliko na jirani yake wa mjini.

Hesabu ya asubuhi

Njia rahisi ya kupima bei ni kuigawa kwa idadi ya asubuhi ambazo koti litavaliwa. Tuseme koti ni shilingi 40,000. Huko Jinja, mtoto akilivaa asubuhi 20 tu kwa mwaka, kila asubuhi imemgharimu mzazi shilingi 2,000. Sweta ya shilingi 12,000 inayovaliwa asubuhi 120 humgharimu shilingi 100 kwa kila asubuhi. Koti lilelile likipelekwa Kapchorwa na kuvaliwa asubuhi 200, gharama hushuka hadi shilingi 200, na likidumu miaka miwili huwa shilingi 100, sawa kabisa na sweta ya Jinja. Mdogo wake akilirithi, hesabu huzidi kuwa nzuri.

Bei hizi ni za mfano tu, kwa kuwa kila kibanda kina bei yake na kila mteja ana ulimi wake. Hata hivyo, zinaonyesha kwa nini koti hilohilo laweza kuwa israfu kwa mzazi mmoja na akiba kwa mwingine.

Kwa mtoto wa Jinja au wa Mbale mjini, sweta mbili na koti jepesi la nailoni la kuzuia mvua na upepo hutosha, na kwa pamoja huweza kuwa na bei ndogo kuliko koti moja zito. Upepo ni wa kufikiriwa hasa kwa mtoto anayepelekwa shuleni kwa boda boda alfajiri, maana mwendo wa pikipiki huifanya baridi ya Jinja ihisiwe kama ya mlimani. Sweta pekee hupitisha upepo huo. Nailoni nyembamba juu yake huuzuia.

Kabla ya kununua chochote kwa ajili ya mtoto wa shule, mzazi aulize kwanza shuleni. Shule nyingi hudai sweta ya rangi ya sare, na koti jekundu la kupendeza huweza kubaki nyumbani mwaka mzima.

Kwa mtoto wa mlimani, kutoa bei ya sweta tatu kwa koti moja imara si kosa, ila mzazi atazame limetengenezwa kwa nini. Adui wa Elgon ni unyevu. Koti lililojazwa manyoya ya bata lina joto jingi likiwa kavu, lakini likilowa manyoya hushikana na joto hupotea, na katika msimu wa mvua huchukua siku nyingi kukauka. Koti lililojazwa nyuzi za polyesta hukauka upesi zaidi. Sufu huendelea kutoa joto kiasi hata ikiwa na unyevu. Pamba tupu ndiyo mbaya zaidi kwa mvua ya baridi, kwa sababu hunywa maji na kuyashikilia.

Mtoto ambaye bado anabebwa mgongoni ana hesabu yake. Mwili wa mama ndio moto wake, na koti zito la mtoto huwa kama ukuta kati ya miili hiyo miwili. Kwa familia kama hiyo, fedha ya koti la mtoto hufaa zaidi zikitumika kununua koti pana la mama, linaloweza kuwafunika wote wawili juu ya mbeleko, uso wa mtoto ukiachwa wazi apumue. Koti hilo mama atalivaa miaka mingi, wakati la mtoto mchanga humbana kabla ya mwaka kwisha. Kofia na soksi za mtoto ni za bei nafuu na huzuia baridi nyingi, kwani kichwa cha mtoto mdogo ni sehemu kubwa ya mwili wake.

Kwa nini koti lina bei hiyo

Mitumba, ambayo kwa Kiganda huitwa mivumba, hupita bandari ya Mombasa na kuingia kupitia Malaba, ingawa sehemu kubwa hufika kwanza Kampala kabla ya kurudi mashariki. Ushuru wa pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa nguo zilizovaliwa ni asilimia 35 ya thamani au senti 40 za dola kwa kila kilo, lolote litakalokuwa kubwa zaidi. Uzito ndio unaolipiwa, na hapo makoti huumia. Robota la kilo 45 lenye fulana za gramu 150 lina fulana 300. Lenye makoti ya watoto ya nusu kilo lina makoti 90 tu. Mchuuzi hulazimika kurudisha mtaji wake kwenye vipande vichache, na mvua ikichelewa, makoti humkalia.

Siasa nazo zimo. Mwaka 2016 viongozi wa Jumuiya walikubaliana kuondoa nguo za mitumba hatua kwa hatua hadi mwaka 2019. Marekani ilipotishia kuondoa nafuu ya kibiashara inayotolewa chini ya sheria ya AGOA, nchi nyingine zililegeza msimamo. Rwanda ilishikilia, na mwaka 2018 ikapoteza nafuu hiyo kwa upande wa nguo. Mwezi Agosti 2023 Rais Yoweri Museveni, akizungumza hukohuko Mbale katika eneo la viwanda, alitangaza kwamba anapiga marufuku mitumba, akisema kuwa ni nguo za watu waliokufa. Vibanda havikufungwa, na kwa kweli nyingi ya nguo hizo hutolewa na watu walio hai ambao watoto wao wamezidi kimo.

Miji yote miwili iliwahi kujivunia nguo zake yenyewe: Jinja kwa kiwanda cha Nytil, kilichoanza miaka ya 1950 wakati umeme wa bwawa la Owen Falls ulipopatikana, na Mbale kwa kiwanda cha African Textile Mill. Kile cha Jinja kipo hadi leo chini ya jina la Southern Range Nyanza. Hata hivyo, pamba ya viwanda hivyo ilikuwa ya mashuka, mashati na sare. Koti zito la mtoto lenye bitana, kwa sasa, mzazi atalipata kwa mwenye mitumba.

Koti na nimonia

Sababu inayowafanya wazazi wengi watoe fedha kuliko uwezo wao ni hofu ya nimonia. Husemwa kwamba mtoto akipigwa na baridi kifuani, mapafu hushikwa. Hofu hiyo ina msingi, kwa kuwa nimonia ni miongoni mwa magonjwa yanayoua watoto wengi walio chini ya miaka 5 duniani. Lakini husababishwa na vijidudu, ambavyo huenea kwa kikohozi na chafya. Hatari huongezeka kwa mtoto aliyedhoofika kwa lishe duni, na kwa anayelala katika nyumba iliyojaa moshi wa kuni. Baridi ya mlimani huchangia kwa mlango wa nyuma: watu hufunga madirisha na kukusanyika kwenye moshi wakikoholeana. Ni kwa mtoto mchanga tu, hasa aliyezaliwa kabla ya wakati, ambapo baridi yenyewe ni hatari ya moja kwa moja, na kinga yake bora ni kulazwa kifuani pa mama, ngozi kwa ngozi.

Koti la bei yoyote, basi, haliwezi kufanya kazi ya chanjo. Uganda iliingiza chanjo ya pneumokoka mwaka 2013, nayo hutolewa bila malipo mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14. Mzazi asiye na uhakika kama mtoto wake alikamilisha dozi aitazame kadi ya kliniki kabla ya kutazama koti.

Koti zito huweza hata kuficha ugonjwa. Dalili kuu za nimonia ni kupumua haraka na kifua kubonyea chini ya mbavu kila mtoto anapovuta pumzi, na dalili ya pili haionekani kifua kikiwa kimefunikwa. Mtoto anayekohoa avuliwe koti akiwa ametulia, na pumzi zake zihesabiwe kwa dakika nzima. Pumzi 60 au zaidi kwa mtoto aliye chini ya miezi 2, 50 au zaidi kwa wa miezi 2 hadi 11, na 40 au zaidi kwa wa mwaka 1 hadi 5, ni sababu ya kumpeleka kituo cha afya siku hiyohiyo. Kifua kikibonyea, mtoto akishindwa kunyonya au kunywa, au akipatwa na degedege, asisubiri hata asubuhi. Mwenye homa naye hafai kufungiwa ndani ya koti, maana joto humzidi.

Ada ziliondolewa katika vituo vya afya vya serikali mwaka 2001, lakini nauli haikuondolewa, na dawa ikikosekana kituoni mzazi hutumwa dukani. Fedha hizo ndizo zinazopaswa kutengwa kwanza. Koti linunuliwe kwa kinachobaki.

Mbele ya kibanda

Mzazi aliyekwisha kuamua anahitaji kipimo. Ampime mtoto ukutani kwa alama ya mkaa na kuandika sentimita zake, kwa kuwa namba 86, 92, 98 na 104 kwenye lebo za Ulaya ni urefu wa mtoto. Lebo za Uingereza huandika miaka, lakini mara nyingi huongeza urefu pembeni. Baada ya kutimiza miaka 2, mtoto hurefuka kwa wastani wa sentimita 6 hadi 9 kwa mwaka. Koti la saizi yake kamili litambana kabla ya mwaka kwisha. Saizi mbili juu, mikono ikikunjwa, hutoa miaka miwili, mradi kofia isimfunike macho.

Zipu ifungwe na kufunguliwa mara tatu hapohapo, maana fundi wa kuibadilisha atataka malipo yake. Kamba za kufungia kofia shingoni zikatwe, kwa sababu zimewahi kuwanyonga watoto waliokuwa wakicheza. Nyumbani koti lifuliwe, lianikwe juani likauke kabisa, na kama kitambaa kinastahimili lipigwe pasi, kwani kuna inzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi na mabuu yake huingia kwenye ngozi.

Bei nayo ina majira yake. Huwa juu siku robota linapofunguliwa na wiki ya kwanza ya mvua. Kabla ya hapo, katika ukavu wa Januari na Februari, wakati hakuna anayefikiria baridi, mwenye kibanda huwa tayari kusikiliza.