‘Naomba’ ya Arusha na ‘leta’ ya Umoja: Nani hasa hana adabu?

Msomaji mmoja wa safu hii, mzazi anayeishi mtaa wa Umoja hapa Nairobi, ameniandikia kwa uchungu. Binti yake, aliyezaliwa na kulelewa Umoja, alipata kazi ya kuhudumia wateja katika hoteli moja jijini Arusha. Kabla mwezi haujaisha, meneja alikuwa amemwita mara mbili kumwonya kwamba anawajibu wateja kwa ufidhuli. Akirudia tena, afungashe virago. Binti mwenyewe haelewi kosa lake. Hakumtukana mtu. Alikuwa akitabasamu. Alimkaribisha mama mmoja wa makamo kwa maneno haya: “Sema mathe, nikupatie nini?” Mama yule akanyanyuka, akaenda kulalamika. “Profesa,” anauliza mzazi, “kwani Kiswahili chetu si Kiswahili?”

Ni Kiswahili, bila shaka. Ila kuna mambo ambayo kamusi haiyasemi, na hayo ndiyo yanayomponza binti huyu.

Tuanze na mzaha ambao karibu kila Mkenya ameusikia: Kiswahili kilizaliwa Zanzibar, kikakulia Tanzania bara, kikaugua Kenya, kikafia Uganda, kikazikwa Kongo. Watu hucheka, nami hucheka, lakini mzaha huu una kasoro ya historia. Utendi wa Tambuka uliandikwa Pate mwaka 1728, na Pate iko Kenya. Lahaja ya Kimvita ya Mombasa ilikuwa na tungo zake nzito muda mrefu kabla ya mkutano wa mwaka 1928, uliofanyika Mombasa kwenyewe, kuamua kwamba Kiunguja ndicho kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Mgonjwa wa namna gani huyo anayetunga tenzi?

Wazungu nao hutaniana vivyo hivyo. Husema kwamba peponi polisi ni Mwingereza, mpishi ni Mfaransa, fundi wa magari ni Mjerumani, mpenzi ni Mwitaliano, na mpangaji wa mambo yote ni Mswisi. Motoni je? Mpishi ni Mwingereza, fundi ni Mfaransa, polisi ni Mjerumani, mpenzi ni Mswisi, na mambo yote yamepangwa na Mwitaliano.

Kisa cha Waswisi kinachotuhusu leo, hata hivyo, ni cha duka la mikate. Wajerumani wengi huenda kufanya kazi Zürich wakidhani wanakwenda kwa watu wa lugha yao. Mjerumani huingia dukani akasema, ukiyatafsiri maneno yake kwa Kiswahili, “Napata mikate miwili.” Kwao Berlin hilo ni agizo la kawaida kabisa. Mwuzaji wa Kiswisi humwona kama askari anayetoa amri. Mswisi angeanza kwa salamu, akauliza kama angeweza kupata mikate miwili tafadhali, akashukuru, akaaga, na huku nyuma foleni inangoja. Mjerumani naye, akimsikiliza Mswisi, hujiuliza huyu anazungukazunguka nini wakati mikate iko mbele yake. Lugha ni moja, angalau kwenye karatasi.

Sasa badala ya Zürich weka Arusha au Dar es Salaam, na badala ya Berlin weka Kayole.

Mtanzania akiingia hotelini hasemi anataka chai. Husema, “Naomba chai.” Akidai salio lake, “Naomba chenji yangu.” Askari wa barabarani anayetaka kuiona leseni ya dereva naye huomba. Pesa ni zake, chenji ni yake, sheria iko upande wake, na bado anaomba! Mpeleke mtu huyo kwenye kibanda cha chapati Kayole. “Naomba chapati mbili na maharage.” Mwenye kibanda atamtazama kuanzia utosini hadi miguuni. Kwa sikio la Nairobi, kuomba ni mambo mawili: kuna kumwomba Mungu, na kuna kuombaomba kando ya barabara. Mwenye pesa haombi, ananunua. Nimemsikia kwa masikio yangu mwuzaji mmoja wa Gikomba akimwuliza mteja kutoka Tanga, bila ubaya wowote, “Kwani huna pesa?” Mteja alikuwa ameshika noti ya elfu moja mkononi.

Mwenyeji wa Kayole yeye angesema, “Buda, nipe chapo mbili na madondo.” Mtanga akisikia hivyo atadhani hapa pana ugomvi.

Wataalamu wawili, Penelope Brown na Stephen Levinson, walilieleza jambo hili katika kazi iliyotoka mwaka 1978 na kuchapishwa upya kama kitabu mwaka 1987. Kwa ufupi, walisema adabu ina njia mbili kuu. Ya kwanza ni ya kumwachia mwenzako nafasi: humwingilii, humwamrishi, unamwonyesha kwamba ana hiari ya kukukatalia. Ya pili ni ya kumsogelea: unamwonyesha kwamba ninyi ni wamoja, hivyo hapana haja ya kubembelezana. ‘Naomba’ ni adabu ya njia ya kwanza. ‘Buda’ na ‘mathe’ ni ya njia ya pili. Anayemwita mwuza chapati ‘mathe’ hamdharau hata kidogo, bali amemfanya mama yake, na mama haombwi chapati kwa maneno ya ofisini.

Kosa la wengi wetu, walimu tukiwemo, ni kudhani kwamba njia ya pili ni ukosefu wa ya kwanza. Ukisikiliza vizuri mazungumzo ya Eastlands utagundua kwamba yana zana zake za kulainisha ombi, na ni nyingi. Kuna ‘si’ inayofuatwa na dhamira tegemezi: “Si uniongezee supu.” Hiyo si ya kukanusha jamani! Ni pendekezo, humwachia mwenzako mlango wa kutokea. Kuna “nisaidie na”: “Nisaidie na chumvi.” Hapa hakuna aliyekwama, chumvi iko upande wa pili wa meza, basi. Halafu kuna kiambishi ‘ka-’, ambacho kimeingia kutoka lugha kama Gikuyu, Kikamba na Kiluhya: kasupu, kachai, ngoja kadakika. Kiswahili sanifu kingetumia ‘ki-’ kudunisha, na mtahini atakata alama akiona ‘ka-’. Lakini ‘ka-’ ya Nairobi haipunguzi supu. Inapunguza uzito wa ombi. Mswisi ana kiambishi chake cha namna hiyo hiyo, ‘-li’, anachokibandika mwisho wa maneno mpaka majirani wanamcheka. Wale mnaonunua muesli dukani, hiyo ‘-li’ ya mwisho ndiyo hiyo.

Hata ‘nipe’ yenyewe si kavu kama inavyodhaniwa. Itazame irabu ya mwisho. Ni ile ile ‘-e’ ya ‘ulete’ na ‘usome’, ambayo sarufi huiita ya ombi au matilaba.

Mbona basi tumetofautiana hivi? Sababu moja hatuipendi kuitaja. Bara la Kenya lilikuwa na Kiswahili cha walowezi, kilichoitwa Kisetla, na kazi yake kubwa ilikuwa kuamrisha. Kuja hapa. Lete maji. Ngoja. Katika miaka ya 1930 kilitoka kijitabu cha F. H. Le Breton kiitwacho Up-Country Swahili, kilichokusudiwa walowezi, wanajeshi, wachimba madini, wafanyabiashara na wake zao. Wapishi, matopasi na makarani walioamrishwa kwa lugha hiyo mchana, jioni walirudi Kaloleni, Makongeni, Ziwani au Bahati, kwenye vyumba vilivyojengewa wafanyakazi. Huko aliishi Mluhya ukuta kwa ukuta na Mkamba, Mjaluo akagawana bomba la maji na Mgikuyu. Mpangilio wa nani amwamkie nani kwanza, na kwa maneno gani, kila mmoja alikuwa ameuacha kwao. Kilichobaki ni undugu wa kubuni: buda, mathe, msee, na kabla ya hayo mengine yaliyokwisha kusahaulika. Maoni yangu ni kwamba watu hawa waliichukua lugha ya amri wakaifanya ya jirani.

Tanzania ilipita njia nyingine. Kiswahili kilifundishia shule za msingi, na baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 hata waziri aliitwa ‘ndugu’. Sisi tulikipa Kiswahili nafasi ya somo la lazima la mtihani mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, na tukakifundisha kama somo la mtihani. Ufungue msururu wowote wa vitabu vya shule zetu utakuta orodha ya maneno ya adabu: usiseme ‘kuzaa’, sema ‘kujifungua’, usiseme ‘choo’, sema ‘msala’. Tasfida ni nzuri. Lakini ni wapi tulipomfundisha mtoto wa Dandora jinsi ya kujenga ombi mbele ya mtu asiyemjua? Binti wa Umoja huenda aliijua orodha nzima kwa moyo. Iliyomwangusha ni ‘sema’, salamu ya kila siku kwao, ambayo kwa mama wa Arusha ilisikika kama sauti ya mpelelezi kituoni.

Charles Ferguson, katika makala yake maarufu ya mwaka 1959 kuhusu jamii zenye sura mbili za lugha moja, alitoa mifano minne, na mmoja ulikuwa Uswisi ya Kijerumani. Profesa wa Zürich huzungumza lahaja yake nyumbani, sokoni na benki. Kijerumani sanifu hukiandika na kukitumia darasani. Hutembea na zote mbili. Mtoto wa Eastlands naye ana zote mbili, ila moja ameambiwa ni takataka. Chege Githiora, katika kitabu chake cha mwaka 2018, anaichukulia Sheng kuwa lugha ya watu iliyochipuka ndani ya Kiswahili cha Kenya. Si lazima ukubaliane naye katika kila jambo kuona kwamba mtoto asiyeheshimu lugha ya nyumbani hatajua ni lini aiweke kando.

Kwa hiyo binti afanye nini wiki ijayo? Mteja akiingia: “Karibu sana mama, nikuhudumie nini?” Chai ikiwa imekwisha, asiseme “haiko”, aseme “Samahani, imekwisha.” Badala ya “ngoja”, “Naomba unisubiri kidogo.” Kwa aliyemzidi umri sana aanze na “Shikamoo”, maana yake ya asili ikiwa nashika miguu yako. Na akiamkiwa hivyo yeye na mtoto, ajibu “Marahaba”, asijibu “Poa”. Najua mwanamke wa Nairobi wa miaka 35 akipewa shikamoo hukimbilia kioo kuangalia mvi. Akiambiwa “Pole na kazi,” asiulize pole ya nini, hakuna aliyefiwa. Atajifunza haya kwa majuma mawili. Na meneja wake, kama anasoma gazeti hili, ajue kwamba ‘mathe’ lilikuwa neno la heshima.

Nimwambie mzazi jambo jingine: hakuna haja ya kuvuka Namanga ili kukutana na ‘naomba’. Majina ya mitaa ya Eastlands yenyewe yamesafiri. Makadara iko Mombasa pia, Majengo iko Mombasa na Moshi, Kaloleni iko Arusha. Na katika Majengo ya Pumwani, dakika chache kwa miguu kutoka Gikomba, wako akina mama ambao bado huwezi kuingia kwao bila kupiga hodi, na wakila hukukaribisha hata kama wanakuona mara ya kwanza. Jioni moja nilisimama pale kwa mmoja wao auzaye mahamri na mbaazi. Mzee mmoja aliyevaa kofia alisema, “Naomba mbaazi za hamsini.” Akajibiwa, “Karibu, baba.” Nyuma yake alikuwa kijana wa matatu: “Mathe, mbaazi za finje.” Mama hakuinua macho kutoka kwenye sufuria. “Sema,” alimjibu, “na mahamri mangapi?”